Chupa Isiyo na Jina

Busia kila kitu hupimwa. Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe, sukari kwa kijiko, mafuta ya taa kwa chupa ya soda, na dawa za usafi hupimwa kwa chombo chochote utakachokuja nacho. Utakuta mtungi wa lita ishirini umewekwa chini, mama ameketi nyuma yake na faneli, na swali lake ni moja tu: "Umekuja na chupa?" Hakuulizi unaenda kuosha nini. Hakuulizi nyumbani kuna watoto wangapi. Wewe unatoa chupa yako ya soda, anajaza, unalipa, unaenda.

Simlaumu. Mji wetu umeishi kwa kubeba vidogo vidogo kuvuka mpaka. Hata neno boda boda lilizaliwa hapa hapa, kwa wale vijana wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Na mtu wa kipato kidogo hununua kidogo. Nani ana pesa ya kununua lita tano za kitu akiwa hajui kesho atakula nini? Lakini kuna jambo moja linalotokea kitu kinapopimwa: jina linabaki kwenye mtungi mkubwa. Onyo nalo linabaki huko. Kinachokuja nyumbani ni maji yasiyo na jina ndani ya chupa ambayo mtoto anaijua kuwa ni ya kitu kitamu.

Nimeandika haya kwa sababu ya dada yangu. Yeye yuko Kiryandongo na anakaa na wajukuu watatu. Alinipigia simu akaniambia kuna mafunzo wamepewa ya kutengeneza dawa za usafi nyumbani, za siki na limau na vitu vya asili, zisizo na kemikali. Akaniuliza, "Wewe ambaye umeosha nyumba za watu maisha yako yote, hii maneno ni ya kweli?" Nilimjibu kwa simu, salio likaisha kabla sijamaliza. Sasa namalizia hapa, na wengine msome.

Mimi nilivuka Busia Januari 2008 na mtoto mgongoni, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya. Wengi wenu mnaijua ile safari. Wengine walipitia Malaba, wengine hapa Busia, halafu tukapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Baadaye mwaka ule ule watu wakahamishiwa Kiryandongo. Dada yangu alipanda lori. Mimi nilibaki Tororo kwa sababu nilikuwa nimepata kibarua cha kufua na kupiga deki kwa familia moja ya mjini, na mtu akiwa na kibarua haachi. Kutoka hapo nimeosha nyumba Tororo, nimeosha nyumba Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya. Nimeosha kwa walimu, kwa wafanyabiashara, na hata kwa wafanyakazi wa mashirika. Mikono yangu inajua kila dawa iliyopita mpakani humu, na mingine imeniachia alama.

Sasa nianze na yaliyompata mtoto wa jirani, kwa maana bila hayo mtaona nasema habari za jikoni tu.

Ploti tuliyokuwa tunapanga ilikuwa na vyumba vinane, uwanja mmoja na choo kimoja. Jirani mmoja alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu, mchangamfu, anaingia kila nyumba kama ni yake. Siku hiyo mtu fulani pale ploti alikuwa amenunua kostiki iliyokwisha kuyeyushwa, ya kuzibua mfereji. Ilikuwa ndani ya chupa ya soda, imewekwa chini karibu na karai. Mtoto aliinua akapiga funda moja. Moja tu. Sauti aliyotoa sitaieleza.

Watu walikuja mbio kila mmoja na lake. Mmoja analeta maziwa, mwingine mafuta ya kula, mwingine anasema ingiza kidole atapike. Aliyetuokoa ni kijana wa boda boda aliyekuwa anangoja abiria langoni. Alipaza sauti: "Msimtapishe! Nyinyi msimtapishe huyo mtoto!" Yeye alikuwa amewahi kubeba mtoto mwingine aliyekunywa mafuta ya taa, na hospitalini alisikia maneno hayo akayashika. Akamwambia mama yake amsukutue mdomo kwa maji, apande, na mtu abebe ile chupa waende nayo. Wakaenda.

Muuguzi ndiye aliyetueleza sababu baadaye. Kostiki huchoma ikishuka, na ukimtapisha mtoto itamchoma tena ikipanda. Mafuta ya taa nayo hatari yake kubwa ni kuingia mapafuni, na mtoto akitapika ndipo yanapata njia ya kwenda huko. Kwa hiyo, kama kuna mtu amesoma mpaka hapa na ataacha kusoma, abebe haya: usimtapishe, msukutue mdomo, mkimbize hospitali, na uende na chupa.

Mtoto aliishi. Lakini koo lake lilipona kwa kovu, na kovu lile likawa linabana njia ya chakula. Kwa muda mrefu alikunywa uji na mchuzi tu, na mama yake alikuwa akimpeleka hospitali ya rufaa mara kwa mara kupanuliwa koo. Nauli ile iliuza cherehani yake, halafu ikauza kitanda. Funda moja kutoka chupa isiyo na jina.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza dawa gani ya usafi ni salama, simwambii kwanza habari ya limau. Namuuliza: dawa zako zimekaa ndani ya nini, na zimekaa wapi?

Jambo la pili lilinifika kupitia kifua cha binti yangu. Ana pumu. Pale ploti tulikuwa tunaosha choo kwa zamu kila Jumamosi, na kila Jumamosi binti yangu alibanwa. Tulidhani ni vumbi, maana Tororo vumbi halikosi. Siku moja daktari wa zahanati, badala ya kuandika dawa tu, aliniuliza, "Mama, hapo kwenu mnaosha na nini?" Nikamwambia kila mmoja ana yake. Wengine humwaga klorini ya maji, ile ambayo mpakani huku kila mtu huiita jiki hata kama chupa haina jina lolote. Wengine humwaga asidi ya kuondoa madoa ya choo. Mwingine akimaliza zamu yake na harufu haijaisha, jirani anaongeza ya kwake juu.

Yule daktari aliweka kalamu chini. Alinieleza kwamba klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuua askari vitani huko Ubelgiji mwaka 1915. Ikikutana na mkojo uliokaa, hutoa mvuke mwingine unaochoma macho na kifua. Watu wazima tunakohoa tunasema "dawa ni kali, inafanya kazi." Mtoto wa pumu hana nafasi ya kusema hivyo. Ile harufu kali tunayoiamini kuwa ndiyo usafi, mara nyingi ni dalili kwamba tumechanganya vitu visivyopatana.

Nikarudi nikaitisha kikao cha ploti. Tukakubaliana mambo mawili: choo kimwagiwe maji mengi kwanza mkojo uondoke, na ndani ya choo kile iingie dawa aina moja tu, ya aina yoyote, lakini moja. Hatukununua kitu kipya hata kimoja. Jumamosi za binti yangu zikawa siku kama siku nyingine.

Sasa tuje kwenye hizo dawa za nyumbani. Nitazipanga kwa kazi, kwa sababu uchafu si wa aina moja. Kuna mafuta, kuna masizi, kuna ukoko wa maji ya chumvi, na kuna vijidudu vya ugonjwa. Dawa inayoondoa kimoja inaweza isifanye lolote kwa kingine. Mtu akikuambia "hii inaosha kila kitu," huyo anauza.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mama mkwe, kutoka Samia. Alipokuja kutuzuru alikuta kwenye dirisha nimepanga vichupa vitano, akacheka. "Mwanangu, hii yote ni ya nini? Majivu yameisha duniani?" Akachukua majivu ya kuni, akayachekecha, akayaloweka na kuyachuja pole pole, vile wanavyochuja munyu musherekha wa kupikia mboga. Yale maji yaliyotoka yalikuwa na utelezi kidoleni. "Huo utelezi," akasema, "ndio unaokula mafuta." Alisema kweli. Maji ya majivu hula mafuta kwenye meza ya mbao, kwenye vyombo vya udongo, kwenye kitambaa cha jikoni kilichoganda. Majivu makavu yakishikwa na dodoki husugua masizi vizuri kabisa. Na penye kukosa sabuni, majivu safi husaidia kunawa mikono, hata wataalamu wa afya wanakubali hilo.

Tulibishana kidogo, kwa heshima. Mimi nilimwambia, "Mama, haya maji nayo yanachoma." Yeye akasema kitu cha jikoni hakiwezi kumdhuru mtu. Nikamwonyesha vidole vyangu baada ya kufulia nguo za wiki nzima kwa maji ya majivu makali: ngozi imekauka, imepasuka. Alitazama, akanyamaza, kisha akaniambia niwe nachanganya na maji zaidi na nipake mafuta nikimaliza. Hapo ndipo tulipopatana: kitu kuwa cha asili si kibali. Sumu ya nyoka nayo ni ya asili. Maji ya majivu, magadi na kostiki ni ndugu wa ukoo mmoja, ila mmoja ni mpole, mwingine ana hasira, na wa tatu anaua. Ukifanya maji ya majivu makali, yawekwe mahali unapoweka kostiki, siyo mahali unapoweka maji ya kunywa.

Tena, sufuria za alumini zisilowekwe kwenye magadi wala maji ya majivu usiku kucha. Zitakuwa nyeusi na kuchimbika vishimo. Zisugue upesi, zisuuze, ziweke juani. Kwa masizi sugu kuna majani ya msasa. Waganda wanayajua, Wasamia wanayajua. Yanakwaruza kama karatasi ya fundi seremala, ndiyo maana karatasi hiyo nayo tunaiita msasa. Hayana gharama, hayana harufu, na mtoto akiyashika hakuna mkimbio wa hospitali.

Siki na limau zina kazi yake. Birika lenye ukoko mweupe wa maji ya kisima, chemsha humo maji yenye limau au siki, acha yapoe, ukoko utabanduka. Ubao wa kukatia samaki, pitisha limau na chumvi, harufu inaondoka. Kioo cha dirisha, siki kidogo kwenye maji na kitambaa kisichotoa nyuzi. Lakini usiimwage siki kwenye sakafu ya simenti. Asidi hula simenti. Nimeona sakafu nzuri Tororo, mji wa saruji wenyewe, imekuwa ya ungaunga kwa sababu mwenye nyumba alifundishwa kupiga deki kwa siki kila siku. Simenti inataka maji na sabuni kidogo, basi.

Kuna na ule mchezo wa kumwaga siki juu ya soda ya kuokea. Inafoka, inapendeza, watu wanapiga makofi kwenye mafunzo. Ukweli ni kwamba mmoja ni asidi na mwingine ni kinyume chake, wakikutana wanamalizana. Povu likitulia umebaki na maji yenye chumvichumvi. Kama unataka soda ya kuokea isugue sinki, isugue yenyewe, usuuze. Kama unataka siki iondoe ukoko, iache ifanye kazi yenyewe. Usilipe pesa mbili kwa kitu kimoja kisichofanya kazi. Pesa ya kambi haina mchezo huo.

Na sasa jambo zito, ambalo ndilo lililonifanya nimwambie dada yangu asiitupe chupa ya klorini hata kama mafunzo yalisema "hakuna kemikali." Kipindupindu hakisikilizi limau la sakafuni. Mtu akitapika au akiharisha ndani ya nyumba, siyo wakati wa siki, siyo wakati wa majivu, siyo wakati wa mwarobaini. Ni wakati wa klorini iliyopimwa. Klorini ya chupa iliyofungwa, yenye maandishi ya asilimia 3.5, chukua kipimo kimoja uchanganye na maji vipimo sita. Hapo utapata nguvu ya nusu asilimia, ambayo ni ya sakafu na vitu vilivyochafuliwa na mgonjwa. Si ya mikono, si ya kunywa. Tumia maji baridi, changanya ya siku hiyo tu, funika, weka mbali na jua. Ondoa uchafu kwanza, kwa sababu uchafu huimaliza klorini kabla haijafika kwenye vijidudu. Fungua mlango na madirisha, na mwenye pumu akae nje. Halafu sasa muulize yule mwenye mtungi wa lita ishirini klorini yake ni ya asilimia ngapi. Hatajua. Imekaa juani tangu lini? Hatajua. Kwa hiyo vitu vingine vyote mnaweza kupimiwa, lakini klorini ya ugonjwa inunuliwe ikiwa imefungwa, au iombwe kwa watu wa afya. Nyumba nne zikichangiana, inatosha wote.

Kwa kazi za kila siku, asilimia kubwa ya usafi wa nyumba ni sabuni ya kawaida, maji, na mkono unaosugua. Sabuni ya mche haitoi mvuke. Haiwezi kumezwa kwa funda. Mtoto akiilamba, atakunja uso aiache. Mimi huikwangua kwa kisu, naloweka vile vipande kwenye maji ya moto mpaka viwe kama uji, na huo uji ndio ninaooshea vyombo, sakafu, meza, na nguo. Hiyo ndiyo dawa yangu ya kutengeneza nyumbani, wala sioni haya kwamba haina mapambo.

Hapa naomba niseme na wafanyakazi wa mashirika, kwa upole, maana wengine wenu nimefua mashuka yenu na mlinilipa vizuri. Viwango vya Sphere, ambavyo mnavijua kuliko mimi, vinasema kila mtu apate gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mwezi. Kabla hatujafundishwa kubadilisha sabuni kwa limau, tuhesabiwe kwanza kama hizo gramu zimefika. Mtu aliyekosa sabuni tangu tarehe kumi na tano hana haja ya somo la usafi. Yeye anajua kuosha. Amefundishwa na mama yake. Alichokosa ni kipande.

Na yale mafunzo ya vikundi vya akina mama ya kupika sabuni ya maji, ni mazuri. Yamewapa wengi mtaji. Lakini nimeona mama anakoroga kostiki na mtoto mgongoni. Nimeona asidi ya kutengenezea sabuni imewekwa kwenye kikombe cha chai. Mradi ukileta mapipa na kemikali, ulete pia glavu, miwani ya kukinga macho, na sehemu yenye mlango unaofungwa. Mfundishe kwamba kostiki ndiyo hutiwa ndani ya maji pole pole, wala siyo maji juu ya kostiki, maana yatachemka na kuruka usoni. Na mlete vyombo. Chombo chenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua kina faida kuliko vipeperushi mia.

Kuna na upande wa mazingira, ambao mwanzoni niliuona ni maneno ya wazungu mpaka nilipofikiria maji yanakwenda wapi. Ukimwaga karai Busia, maji yale yanatafuta mto Sio, na Sio huingia Ziwa Viktoria. Ukimwaga upande wa Tororo, yanatafuta mto Malaba, na hayo huishia Kyoga. Kutoka Viktoria mto Nile hupita Kyoga, ukatoka huko ukaenda mpaka Karuma, na Karuma iko wilaya ya Kiryandongo. Kwa hiyo maji ninayofulia mimi yanapita wilaya ya dada yangu. Mimi sijawahi kupata nauli ya kwenda kumwona zaidi ya mara tatu, lakini maji yangu machafu yanakwenda bure. Baadhi ya sabuni za unga zina fosfeti, na fosfeti ni mbolea majini. Gugu maji lililoziba kingo za Viktoria miaka ya tisini lilishiba mbolea za namna hiyo, kutoka mashambani, kwenye maji taka, na kwenye makarai kama yangu. Siwezi kusafisha ziwa. Ninachoweza ni kutomwaga kostiki mtaroni, kutumia unga kidogo, na kumwaga maji ya sabuni kwenye udongo mbali na kisima badala ya kwenye kijito.

Kitu cha mwisho ni ile chupa. Watu wa afya walituambia tubandike karatasi zenye maandishi. Pale ploti tulikuwa na Mteso, Mjopadhola, Msamia, mama mmoja kutoka Kongo, na mimi. Maandishi kwa lugha gani? Na karatasi ikilowa, imetoka. Wengine wakashauri kuchora fuvu la kichwa. Watoto wakalipenda fuvu. Wakataka kulishika.

Mama wa yule mtoto aliyeungua koo ndiye aliyepata jibu. Alichukua waya mwembamba, ule wa kufungia ua, akauzungusha shingoni mwa kila chupa ambayo si ya kunywa, mizunguko mitatu, ncha zimekunjwa ndani zisichome. Ukishika chupa gizani, umeme umekatika, tochi haina betri, usingizi haujaisha, kidole chako kinakutana na waya kabla mkono haujafika mdomoni. Hakuna kusoma. Hakuna lugha. Bibi asiyeona vizuri anajua, mgeni akiambiwa mara moja anajua. Kwa mtoto mdogo waya hautoshi, ndiyo maana chupa zenyewe zinakaa juu ya kabati, ndani ya sanduku lenye komeo. Waya ni kwa ajili yetu wakubwa, tusije tukampa mtoto sisi wenyewe tukidhani ni maji.

Tulikuwa wanane kwenye ile ploti. Tulipohama kila mmoja alikwenda na waya wake. Nimeukuta Malaba kwenye nyumba nisiyoijua mwenyewe. Nimeukuta upande wa Kenya, kwa mama muuza samaki, naye aliniambia amefundishwa na shemeji yake.

Kwa hiyo dada, na nyote mlioko huko, msinitumie pesa ya siki. Tafuteni waya. Mkienda sokoni kupimiwa, chupa yenu iwe imeshafungwa kabla ya kutoka nyumbani, na yule mama mwenye faneli akiwauliza huo waya ni wa nini, mwambieni.